Mama Apigaye Magoti Vladslo

Katika Ubelgiji, penye kijiji cha Vladslo, wamezikwa askari Wajerumani zaidi ya 25.000. Mmoja wao ni Peter Kollwitz, aliyeuawa Oktoba 1914, mwenye miaka 18.

Peter alikuwa kijana bado, hakuweza kujitoa kwenda vitani pasipo ruhusa ya baba. Baba, mganga wa maskini mjini Berlin, alikataa. Mama yake, Käthe, fundi mashuhuri wa kuchora na kufanya sanamu, ndiye aliyemwombea mtoto. Baba akakubali. Miezi mitatu haijaisha, habari ya kifo ikafika.

Basi tufikiri mzigo wa mama huyo! Wengine hulia wakimlaumu mfalme au adui. Yeye alijua kwamba neno lake mwenyewe lilimfungulia mtoto mlango. Akaanza kufanya sanamu ya ukumbusho, mtoto amelala. Hakuridhika nayo, akaiacha katika 1919. Alipoirudia kazi, alimwondoa mtoto, akabakiza wazazi tu, wamepiga magoti: baba amejikumbatia mikono, mama ameinama. Sanamu zikasimamishwa makaburini katika 1932, miaka 18 baadaye, sawa na umri wa marehemu. Halafu zikahamishwa Vladslo pamoja na mifupa.

Kwetu Kongo pia wamama walitoa wana, wakachukua mizigo ya jeshi mpaka Tabora katika 1916. Wengi hawakuonyeshwa hata kaburi.

Hans, kaka ya marehemu, alimwita mwanawe Peter. Huyo naye aliuawa vitani Urusi katika 1942, bibi yake angali hai.