Vibanda vya Video na Filamu za Wakaliga: Ukurasa wa Historia ya Vitongoji vya Kampala

Anayetaka kuandika historia ya Kampala hakosi karatasi. Kuna kumbukumbu za Mengo, za wamisionari wa Namirembe na Rubaga, za serikali ya kikoloni na za mapinduzi yaliyofuata. Lakini akitaka kujua familia ya kawaida ya Nateete au Kawempe ilimalizaje Jumapili yake, watoto walicheka nini na majirani walikusanyika wapi jioni, karatasi hizo hazimsaidii sana. Katika insha hii ninadai kwamba sehemu kubwa ya historia hiyo imo ndani ya video: zile ambazo watu wa vitongoji walizitazama, na baadaye zile walizozitengeneza wenyewe. Ninadai pia kwamba kumbukumbu hiyo inatupotea mikononi.

Kwanza tuone sinema zilikuwa za nani. Katika enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, kumbi za sinema zilikuwa katikati ya mji, na wenyewe wengi walikuwa Wahindi. Mkazi wa kitongojini alihitaji pesa ya tiketi, nguo nzuri kiasi na njia ya kurudi nyumbani usiku. Isitoshe, katika Afrika Mashariki ya Waingereza kulikuwa na udhibiti uliobagua, kwa maana kwamba filamu moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na kukatazwa kwa Waafrika. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na biashara zao nyingi zikaenda mikononi mwa watu wasiozijua. Jengo la sinema ya Norman limebaki kama ushahidi, kwa kuwa tangu miaka ya themanini limekuwa kanisa, hilo ambalo leo linaitwa Watoto. Vijana wengi wanaosali pale hawajui kwamba wazee wao walikaa humo kutazama filamu za Kihindi na za mapigano.

Jambo la pili ni la zamani zaidi. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa filamu ulioitwa BEKE, uliokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zake zilizungushwa kwa lori hadi Kenya, Uganda na nchi nyingine. Zilifundisha watu kuweka akiba benki, kulima na kujikinga na magonjwa, na maelezo yake yalitolewa kwa lugha za wenyeji. Baada ya hapo magari ya sinema ya serikali yaliendelea na mtindo huohuo, huku mkalimani akisimama karibu na kitambaa cheupe na kuwaeleza watu wanachokiona. Sitaki kusema kwamba ma-VJ wa leo ni wajukuu wa mkalimani huyo moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba mtazamaji wetu alizoea zamani kuwa picha ina mtu wake wa kuisemea. Tofauti ni kwamba mkalimani wa serikali alisema alichotumwa.

Kisha ikaja deki ya video. Katika miaka ya themanini, na hasa baada ya vita kufika mwisho wake Kampala mwezi Januari 1986, mtu mwenye televisheni moja, deki moja na jenereta aliweza kufungua sinema katika chumba cha mbao. Hicho ndicho kibanda. Ndani kulikuwa na mabenchi, madirisha yamezibwa kwa gunia au pazia nzito, na joto lisilosemeka. Nje kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki majina ya filamu za siku hiyo. Kiingilio kilikuwa kidogo kiasi kwamba kijana aliyebeba maji au matofali asubuhi aliweza kukipata kufikia jioni.

Kibanda kilikuwa cha wanaume na wavulana. Akina mama walikilaumu kwa kuwafundisha watoto utoro na wizi, na mara nyingi hawakukosea. Wasichana walibaki nyumbani na vyombo. Hata hivyo filamu iliwafikia, kwa sababu kaka alirudi usiku akaisimulia yote jikoni, pamoja na milio ya risasi. Nadhani wanahistoria wa sinema wanausahau usimulizi huu wa nyumbani, kwa kuwa hauna tiketi wala risiti. Mfano mashuhuri ni Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973 na ambaye nitamrudia hapa chini. Yeye ameeleza kwamba utotoni hakuwa akienda kutazama. Ndugu zake wakubwa ndio walioenda, wakarudi na kumsimulia, naye akaziona filamu kichwani.

Filamu zenyewe zilikuwa za Kiingereza au Kichina, na watazamaji wengi hawakufuata maneno. Hapo ndipo alipoingia VJ. Huyu hukaa na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu na kusema juu yake kwa Kiganda. Hutafsiri, lakini kutafsiri ni sehemu ndogo ya kazi yake. Humtania jambazi, humwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hueleza kwa nini Wazungu wanabusiana mbele ya watu, na akichoka na mazungumzo marefu huyajaza habari za mtaani. Mji wa Marekani unaweza kugeuka Katwe, na polisi wa huko wakaomba kitu kidogo kama wa hapa. Mwaka wa juzi bei ya sukari ilipopanda, nilisikia askari wa Kirumi akilalamika kuhusu sukari. Jina la VJ Jingo linajulikana Uganda nzima kuliko majina ya waigizaji wengi aliowatafsiri. Majirani zetu wa Tanzania wana historia inayofanana, kwani Dar es Salaam bado wanamkumbuka Lufufu, aliyewasimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili katika mabanda wanayoyaita vibanda umiza.

Kanda zilipokuwa diski, na diski zikawa fleshi, sauti ya VJ ilitoka kibandani ikaingia sebuleni. Hapo akina mama na wasichana nao wakapata ma-VJ wao, wa tamthilia ndefu za kutoka Asia. Jioni nyumba tatu jirani huweza kusikika zikicheka kwa wakati mmoja.

Sasa niende Wakaliga. Ni kitongoji cha Kampala upande wa Nateete, chenye nyumba za matofali zilizobanana, njia za udongo na mfereji wa maji machafu ambao mvua ikinyesha hufurika. Nabwana alikuwa akifyatua matofali ili kupata riziki. Aliingia kozi fupi ya kompyuta, akajifundisha kuhariri picha mwenyewe, na mwaka 2005 akaanzisha Ramon Film Productions nyumbani kwake. Jina Ramon ni heshima kwa bibi zake wawili, Rachel na Monica. Kompyuta aliziunga kwa vipuri vilivyotupwa. Mkewe, Harriet, alifanya naye kazi ya filamu tangu mwanzo, na ua wao ndio uliokuwa studio. Palepale nguo zilianikwa, kuku walipita, chakula kilipikwa, na mara jeshi zima lenye bunduki za mbao na mabomba likakimbia kati ya masufuria.

Silaha hizo zilitengenezwa na Dauda Bissaso, fundi wa mtaani aliyeunganisha vyuma chakavu hadi vikafanana na bunduki kubwa za vitani. Mandhari ya kijani, ambayo studio kubwa hutumia kuweka picha ya nyuma, ilikuwa kitambaa cha sokoni. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe kutoka kwa mchinjaji, mpaka mwigizaji mmoja alipougua ugonjwa wa mifugo, ndipo wakahamia kwenye rangi ya chakula. Waigizaji hawakulipwa mshahara. Walikuwa waendesha boda boda, wauza duka, wanafunzi na vijana wa klabu ya kung fu. Filamu ikikamilika, walivaa mavazi yao ya uigizaji na kupita nyumba kwa nyumba wakiuza diski, wakabaki na nusu ya bei. Haraka ilihitajika, kwa sababu wanakili walikuwa nyuma yao, na baada ya wiki moja hivi soko lilikuwa limekwisha. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 ilikuwapo, lakini mtu wa Wakaliga angemshtaki nani, na kwa nauli ipi?

Mwaka 2010 walitoa Who Killed Captain Alex?, hadithi ya kapteni wa jeshi anayepambana na genge la wahalifu, na ndugu yake anayetaka kujua aliyemuua. Gharama iliyotajwa ilikuwa chini ya dola 200. Kionjo chake kilipowekwa kwenye YouTube mwaka huohuo, kilienea duniani kwa namna ambayo Wakaliga hawakuitegemea. Mmarekani Alan Hofmanis alikiona, akafunga safari mwaka 2011, na hatimaye akahamia hapo. Mwaka 2019 filamu yao nyingine, Crazy World, ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto.

Waganda wenzangu wengine huona aibu. Husema wageni wanatucheka, na kwamba nchi inaoneshwa kama mahali pa bunduki na umaskini. Lawama hii ina uzito wake, kwani kuna mtazamaji wa mbali anayecheka mtaa wala si mzaha. Lakini mimi nikizitazama filamu hizi kwa jicho la historia, naangalia nyuma ya wapiganaji. Naona mama ameketi mkekani akimenya matoke bila kujali mlipuko. Naona bei zilizoandikwa kwenye mlango wa duka, sare ya shule iliyoanikwa, nyumba isiyo na paa ambayo katika filamu ya baadaye ina paa, mtoto anayetazama kamera kwa sababu hakuna aliyemkataza. Hakuna idara iliyotumwa kurekodi mambo haya mwaka 2010. Yaliingia kwa sababu hapakuwa na fedha za kuyaondoa.

Tatizo ni kwamba ushahidi huu umehifadhiwa vibaya mno. Nabwana alilazimika kufuta kazi halisi ya Captain Alex kutoka kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza filamu iliyofuata. Kilichobaki ni nakala yenye ubora hafifu, nayo ina sauti ya VJ Emmie juu yake mwanzo hadi mwisho. Ile isiyo na VJ haipo tena. Tebaatusasula, nyingine ya mwaka huohuo, iliharibika umeme uliporuka nguvu. Hapo pana jambo linalonitatiza: wanakili waliowanyima waigizaji riziki ndio hao waliotawanya diski kitongoji kizima, na filamu ndogo za miaka ile ambazo mwenyewe hanazo tena, kama zipo popote, zimo kwenye kabati la mtu aliyenunua nakala ya wizi.

Za ma-VJ wa mwanzo ziko katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa nyingi zilisemwa papo hapo kibandani bila kurekodiwa, na kanda zilizorekodiwa zimeota ukungu. Wakati wa kuandaa insha hii niliingia katika duka moja la kujaza filamu kwenye fleshi, hapo Nateete, nikauliza tafsiri za miaka ya tisini. Kijana aliyekuwepo alinijibu kwa adabu kwamba alikuwa nazo chache alizoachiwa na kaka yake, ila alizifuta mwaka jana ili mashine ipate nafasi ya mpya. Akaniuliza kama ningependa za wiki hii.