MYSA: Chama Kilichowapa Watoto wa Mathare Kura na Filimbi

Katika bonde la Mathare jijini Nairobi, kati ya Barabara ya Juja na ile ya Thika, kiwanja cha mpira ni mali adimu. Nyumba za mabati zimebanana, mitaro imeziba, na magari ya kuzoa taka hayashuki hadi huko. Mwaka 1987 Bob Munro, Mkanada aliyekuwa Nairobi akifanya kazi ya ushauri wa mazingira, aliwakuta watoto wa hapo wakicheza mpira wa makaratasi. Walitaka ligi ya kweli, yenye mpira wa ngozi, ratiba na refa. Akakubali kuwasaidia kwa sharti kwamba nao waufanyie mtaa wao jambo. La kufanya halikuhitaji kutafutwa, maana takataka zilikuwa pale pale kando ya uwanja. Ndipo ikaanza Mathare Youth Sports Association, MYSA, ambayo sasa inakaribia kutimiza miaka 40.

Sharti hilo liliingizwa katika kanuni za ligi, na kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa uamuzi wa busara kuliko yote. Timu hupata pointi kwa kufagia na kuzibua mitaro, na pointi hizo huingia katika msimamo uleule wa mabao na ushindi. Timu iliyoshinda mechi yake inaweza kupitwa na iliyotoka sare, kwa sababu wachezaji wake hawakutokea siku ya koleo na reki. Hakuna nahodha anayependa kueleza jambo hilo mbele ya wenzake! Kwa hiyo kumwamsha beki mvivu asubuhi ya usafi ikawa kazi ya nahodha, na mtoto aliyeweza kazi hiyo alikuwa ameshaanza kuongoza.

Uwanjani nako kuna sheria zake. Anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni nahodha peke yake. Aliyelambwa kadi nyekundu hutakiwa kuchezesha mechi za wadogo kabla ya kurudi kucheza, na hapo hujionea mwenyewe raha ya kuzomewa huku umeshika filimbi. Iko pia kadi ya kijani, ambayo refa humpa mchezaji aliyeonyesha uungwana kupita wengine. Kadi hiyo ina faida yake, kwani huongeza pointi za mchezaji kuelekea tuzo za uongozi. Pointi za namna hiyo hupatikana pia kwa kufundisha wadogo, kuchezesha mechi na kusafisha mtaa. Fedha za tuzo huenda moja kwa moja shuleni kulipa karo. Mzazi wa Mathare aliyekuwa akiuona mpira kama uzururaji hubadili mawazo haraka akipokea risiti ya shule.

Kisha kuna kura. Chama hiki kilizaliwa mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo katika mchujo watu wazima wa Kenya walipanga foleni hadharani nyuma ya wagombea. Ndani ya MYSA vijana wamezoea kuchaguana wenyewe, kuanzia timu hadi kanda hadi baraza kuu, na wengi wa waliochaguliwa hawajafika umri wa kupiga kura ya taifa. Wao ndio hupanga ratiba, hugawa mipira na husikiliza malalamiko. Wanakosea, bila shaka. Hata mabunge yanakosea.

Wasichana walichelewa kuingia, hadi 1992. Kikwazo hakikuwa vipaji: msichana alikuwa na maji ya kuteka, wadogo wa kulea na jiko la kuangalia. Mwaka huohuo MYSA ilipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na 1994 ikaanza kuandaa waelimishaji rika kuhusu UKIMWI, wakati ambapo watu wazima wengi walikuwa bado wakinong'ona kuhusu ugonjwa huo.

Mwaka 1994 pia iliundwa Mathare United, timu ya wakubwa. Ilitwaa Kombe la Moi 1998, ikalirudia 2000, na mwaka 2008, ulioanza kwa damu na moto wa baada ya uchaguzi hata huko Mathare, ikamaliza ikiwa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Dennis Oliech, aliyekuja kuwa mshambuliaji wa timu ya taifa, alipitia timu hiyo. Francis Kimanzi, aliyekulia ndani ya MYSA, baadaye aliifundisha timu hiyo ya taifa, Harambee Stars.

Sifa za nje zilikuja kwa wingi, ikiwemo kupendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2003. Fedha za nje pia zilikuja, hasa kutoka Norway, na hapo pana udhaifu: chama kinachotegemea wafadhili wa mbali huishi kwa wasiwasi kila mkataba unapokaribia kuisha.

Kila msimu wa kampeni, wanasiasa wetu hushuka mitaani na magunia ya jezi na mipira, wakayaita hayo maendeleo ya vijana. Jezi huchakaa kabla ya muhula kwisha. Anayetaka kweli kulea viongozi awaachie vijana ratiba, filimbi na sanduku la kura, kisha ahakikishe kiwanja chao hakinyakuliwi.