Robert Hale na Swali la Nani Humshurutisha Nani Sokoni

Robert Lee Hale (1884–1969), profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, alikuwa pia mfuasi wa uchumi wa kitaasisi, yaani mkondo wa fikra unaochunguza jinsi sheria, desturi na vyombo vya dola vinavyoujenga uchumi. Maandishi yake yalianzia katika upangaji wa bei za huduma za umma, kwani tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1918 ilichambua kazi ya Tume ya Reli ya jimbo la Wisconsin.

Tangu mwaka 1898, katika kesi ya Smyth dhidi ya Ames, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishikilia kwamba bei inayowekwa na serikali sharti iipatie kampuni faida ya haki juu ya thamani ya mali yake. Hale alionyesha kuwa hoja hiyo ilijizungusha yenyewe, kwa sababu thamani ya reli hutegemea mapato yake, na mapato hutegemea bei ileile inayotafutwa; mwaka 1944, katika kesi ya kampuni ya gesi ya Hope, mahakama hiyo nayo ilikubali kasoro hiyo.

Kutoka hapo alifika kwenye miliki yenyewe. Katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1923, iliyomjibu mwanauchumi Thomas Nixon Carver, alieleza kwamba mwenye njaa haruhusiwi na sheria kugusa chakula cha mwingine bila ridhaa ya mwenyewe, hivyo hulazimika kutafuta fedha, na ili azipate hukubali masharti ya mwenye kiwanda. Mfanyakazi naye humbana mwajiri kwa kumnyima nguvukazi yake, ila uzito wa shuruti hizo mbili hutofautiana kwa kadiri sheria inavyogawa haki, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kipato cha kila mmoja.

Hoja hizo alizikusanya mwaka 1952 katika kitabu cha *Freedom Through Law*, kinachohusu uhuru unaopatikana kwa njia ya sheria, na baadaye zikawafaa wanasheria wahakiki wa Marekani. Kwa mujibu wa Hale, anayedai kwamba serikali isiingilie soko hana budi kueleza kwanza kwa nini ulinzi wa miliki usihesabiwe kuwa uingiliaji.