Kabla ya kuinua pikapu, pima mzigo wako

Vijana wetu wengi wakishapata Hilux au D-Max kuukuu, huenda kwa fundi na neno moja tu: "Niinulie." Inchi ngapi, kwa mzigo gani, hawasemi. Fundi naye huinua kwa macho.

Anza kwa kupima. Simamisha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka chini, kwa sababu upepo wa tairi hudanganya. Pima likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kila siku.

Sasa tazama mbele. Hilux nyingi za kabla ya Vigo, na D-Max za toleo la kwanza, zina tosheni baa, yaani fimbo ya chuma inayojisokota gurudumu likipanda. Ina bolti ya kurekebishia, hivyo kuinua ni kazi ya spana tu. Hapo ndipo penye mtego. Watu huamini ukikaza bolti ile, fimbo inakuwa ngumu na itabeba zaidi. Sivyo. Ugumu wake ni ule ule, kilichobadilika ni kimo. Gurudumu hukosa nafasi ya kushuka, na kila shimo mkono wa juu hugonga raba yake. Gari hupiga kama punda, mwenyewe akidhani springi zimekuwa imara! Kwa four-wheel, sivijointi nazo hukaa kwa pembe kali mpaka raba zake zipasuke. Inchi moja, moja na nusu, yatosha. Vigo na D-Max za baadaye zina koili. Hizo hununuliwa ndefu zaidi, na kwa kawaida inchi mbili ndio mwisho wa busara.

Nyuma kuna springi za majani. Kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli huongeza kimo, hakiongezi nguvu hata kidogo. Ukibeba mizigo, nunua springi kwa uzito: zipo za gari tupu, zipo za kilo 300 za kudumu, zipo za 500. Mchuuzi wa samaki anayetoka Kipini na barafu akarudi mtupu asikimbilie zile ngumu kabisa, maana gari tupu litarukaruka kwenye murram na tairi zitakosa kushika. Tena aoshe springi kwa maji baridi, kwani chumvi ya samaki huzila taratibu.

Lililo kubwa zaidi ni breki, na ndilo lisilotajwa gereji. Pikapu nyingi zina vali iliyofungwa kwa fimbo hadi ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka, vali hujua kuna mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiinua bila kuirekebisha, hudhani gari ni tupu. Unateremka Mazeras umejaza saruji, breki za nyuma zinafanya nusu kazi. Fundi mwingine hushauri kuing'oa. Usikubali, kwani likiwa tupu magurudumu ya nyuma yatafunga ghafla na gari kuzunguka.

Ukimaliza, hakikisha mipira ya breki haivutiki magurudumu yakining'inia, fanya alaimenti, shusha taa zisiwapofushe wenzako. Baada ya kilomita 500 rudi ukakaze bolti zinazoshika springi kwenye ekseli, kwa kuwa springi mpya hulalia na bolti kulegea.