Rufaa ya jinai kuhusu maelekezo kwa juri na mwenendo wa mwendesha mashtaka

Rufaa ya aina hii hukatwa na mtu aliyetiwa hatiani na juri, akiiomba mahakama ya ngazi ya juu itengue hukumu kwa sababu jaji aliwaeleza wanajuri sheria isivyo sahihi, au mwendesha mashtaka alivuka mipaka katika kuendesha kesi. Mara nyingi hoja hizo mbili huletwa pamoja. Juri ni raia wa kawaida, kwa desturi 12, wanaoapishwa kusikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Hawana mafunzo ya sheria na hawatoi sababu za uamuzi wao. Wanaowaamini zaidi mle mahakamani ni jaji, anayewafundisha sheria, na mwendesha mashtaka, anayesimama kwa niaba ya umma. Hao wawili wakipotoka, wanajuri waaminifu kabisa wanaweza kumtia mtu hatiani isivyo halali, wala hakuna maandishi yatakayoonyesha walipotelea wapi. Rufaa hurudi kwenye yale waliyoambiwa, kwa kuwa waliyoyafikiri hayajulikani.

Makala hii inahusu zaidi Marekani, ambako Marekebisho ya Sita ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanampa mshtakiwa wa jinai haki ya kuhukumiwa na juri isiyoegemea upande wowote.

Chimbuko

Nchini Uingereza, ambako mfumo wa juri ulitoka, haki ya jumla ya kukata rufaa ya jinai ilikuja kwa sheria ya mwaka 1907, baada ya umma kukasirishwa na kisa cha Adolf Beck, aliyetiwa hatiani mara mbili kwa utapeli uliofanywa na mtu mwingine. Mwaka 1935 ukaleta hukumu mbili ambazo hadi leo ni nguzo za somo hili, kila moja upande wake wa bahari.

Ya kwanza ni Woolmington, ya Uingereza. Kibarua wa shambani mwenye umri wa miaka 21 alishtakiwa kwa kumuua mkewe kwa bunduki, naye akajitetea kwamba bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Jaji aliwaambia wanajuri kwamba kifo kikishathibitishwa kuwa ni kazi ya mshtakiwa, ni juu yake kuonyesha kuwa haikuwa mauaji ya kukusudia. Majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, walitengua hukumu: mzigo wa kuthibitisha hatia ni wa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi.

Ya pili ni Berger dhidi ya Marekani. Katika kesi ya njama ya kusambaza noti bandia, mwendesha mashtaka aliwatisha mashahidi, akawalisha maneno wasiyoyasema, na akadokeza kwamba anajua mengi ambayo juri haikuyasikia. Jaji George Sutherland wa Mahakama ya Juu alieleza kwamba wakili wa serikali anaruhusiwa kupiga kwa nguvu, ila si kwa hila, kwani anachotakiwa kukitafuta ni haki itendeke, na ushindi wenyewe si lengo. Kwa kuwa ushahidi dhidi ya Berger ulikuwa dhaifu, hukumu haikuweza kusimama.

Makosa katika maelekezo

Kabla ya juri kwenda faragha, jaji huisomea maelekezo: vipengele vya kosa, nani ana mzigo wa kuthibitisha, na kwa kiwango gani. Rasimu hujadiliwa kwanza na mawakili wa pande zote mbele ya jaji, wanajuri wakiwa nje. Huko neno moja hugombewa kwa saa nyingi, kwa sababu linaweza kuamua kesi.

Kosa zito kuliko yote ni kupotosha kiwango cha uthibitisho. Mwaka 1970, katika Winship, Mahakama ya Juu ilitamka kwamba Katiba inadai kila kipengele cha kosa kithibitishwe bila kuacha shaka la msingi. Katika Cage dhidi ya Louisiana (1990), jaji alikuwa ameeleza shaka hilo kwa maneno mazito mno, kana kwamba wasiwasi wa kawaida wa mtu mwenye busara hautoshi kumwachia mshtakiwa. Hukumu ikatenguliwa. Katika Sandstrom dhidi ya Montana (1979), wanajuri waliambiwa kwamba sheria inachukulia kuwa mtu hukusudia matokeo ya kawaida ya matendo yake ya hiari. Hilo nalo likakataliwa, kwa maana liliuondoa mzigo wa kuthibitisha nia mabegani mwa serikali. Makosa mengine ni kuacha kipengele cha kosa, kukataa kuwaonya wanajuri wasimhesabie mshtakiwa ubaya kwa kukaa kimya anapoomba waonywe, na kuwashinikiza wanajuri waliokwama mpaka wachache wasalimu amri.

Kesi ya kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Arthur Andersen inaonyesha uzito wa maneno. Kampuni hiyo ilishtakiwa kwa kuwashawishi wafanyakazi wake waharibu nyaraka za mteja wake, Enron, uchunguzi wa serikali ulipokuwa unakaribia. Sheria ilitaka ushawishi huo uwe wa makusudi na wa kifisadi. Upande wa mashtaka ulimshawishi jaji aondoe katika maelekezo sharti la kukosa uaminifu, na wanajuri wakaambiwa wanaweza kuitia kampuni hatiani hata kama iliamini kwa dhati kwamba inafuata sheria. Walijadiliana siku 7, wakatangaza wamekwama, jaji akawahimiza waendelee, na baada ya siku 3 zaidi wakarudi na hatia, Juni 2002. Mei 2005 majaji wote wa Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Mkuu William Rehnquist, walitengua hukumu: maelekezo yalikuwa yamefuta ile nia ovu inayotenganisha mhalifu na mtu anayetupa karatasi zake za zamani. Lakini kampuni iliyokuwa na wafanyakazi wapatao 28,000 Marekani pekee ilikuwa imekwisha kusambaratika. Ushindi wa rufaa unaweza kufuta hatia na usirudishe chochote kingine.

Mwaka 2016, Mahakama hiyo kwa kauli moja ilitengua pia hukumu ya rushwa dhidi ya Robert McDonnell, aliyekuwa gavana wa Virginia. Yeye na mkewe walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara. Majaji hawakuusifu mwenendo huo, ila walisema maelekezo yalipanua maana ya tendo la kiofisi kiasi kwamba hata kumpangia mtu mkutano tu kungetosha kuwa kosa.

Mahakama ya rufaa haichomoi sentensi moja na kuihukumu peke yake. Husoma maelekezo yote kwa pamoja na kuuliza kama kuna uwezekano wa kuridhisha kwamba wanajuri waliyaelewa kwa namna inayokiuka Katiba.

Makosa ya mwendesha mashtaka

Makosa haya yako ya hadharani na ya siri. Ya hadharani hutokea zaidi kwenye hoja za majumuisho: kuuponda ukimya wa mshtakiwa, jambo lililopigwa marufuku katika Griffin dhidi ya California (1965), kuwahakikishia wanajuri kwamba yeye binafsi anamwamini shahidi, kutaja mambo yasiyo kwenye ushahidi, au kuchochea hofu na chuki.

Ya siri ni mabaya zaidi, kwa sababu mara nyingi hugunduliwa mshtakiwa akiwa ameshafungwa miaka mingi. Brady dhidi ya Maryland (1963) iliamuru kwamba serikali inakiuka haki inapoficha ushahidi muhimu unaomsaidia mshtakiwa baada ya kuombwa, iwe kwa nia mbaya au la. Katika kesi hiyo, lililofichwa lilikuwa ungamo la mshtakiwa mwenzake kwamba yeye ndiye aliyeua. Wajibu wa kutoa ushahidi wa namna hiyo ulikuja kupanuliwa hata pale ambapo hakuna aliyeuomba. Napue dhidi ya Illinois (1959) ilikuwa imekwisha kukataza kuacha ushahidi wa uongo upite bila kusahihishwa. Mwaka 2025, msimamo huo ndio ulioiwezesha Mahakama ya Juu kutengua hukumu ya mauaji ya Richard Glossip wa Oklahoma, aliyekuwa akisubiri adhabu ya kifo.

Pingamizi la papo hapo

Rufaa hujengwa au kubomoka siku ile ile ya kesi. Kwa kanuni za mahakama za shirikisho, wakili asiyeridhika na maelekezo lazima aseme, na ataje sababu, kabla juri haijaenda kujadiliana. Vivyo hivyo, mwendesha mashtaka anapoteleza, wakili anatakiwa ainuke apinge, aombe juri ionywe, na ikibidi aombe kesi ivunjwe. Lengo ni kumpa jaji nafasi ya kurekebisha mambo mapema. Mahakama huchukulia kwamba wanajuri wanatii onyo la kuyapuuza maneno fulani. Mawakili wa utetezi hujibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

Aliyenyamaza hajapoteza kila kitu, ila njia yake ni nyembamba. Kwa mujibu wa Olano (1993), atapaswa kuonyesha kwamba kosa lilikuwepo, lilikuwa dhahiri, liligusa haki zake za msingi, na linaitia doa heshima ya mahakama. Na ikiwa wakili wake mwenyewe ndiye aliyeomba maelekezo yale, kwa kawaida hoja hiyo hufa.

Kipimo cha madhara

Kuthibitisha kosa hakutoshi. Swali linalofuata ni kama kosa hilo lilichangia uamuzi, na hapa ndipo rufaa nyingi huishia.

Kesi inayotawala ni Chapman dhidi ya California (1967). Ruth Elizabeth Chapman na mwenzake walishtakiwa kwa wizi wa kutumia nguvu, utekaji na mauaji, na hawakutoa ushahidi. Mwendesha mashtaka aliurejea ukimya wao tena na tena katika majumuisho yake. Kisha jaji naye akaiambia juri kwamba inaweza kuutumia ukimya huo dhidi yao. Mwendesha mashtaka na jaji waliimba wimbo mmoja, na wimbo wenyewe haukuwa halali. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba si kila kosa la kikatiba hutengua hukumu, lakini mzigo ikautwisha serikali: ithibitishe bila kuacha shaka la msingi kwamba kosa halikuchangia hatia. Serikali ilishindwa, na hukumu ikatenguliwa.

Makosa machache hayapimwi kabisa. Sullivan dhidi ya Louisiana (1993) ilisema kwamba maelezo mabovu ya kiwango cha uthibitisho huitengua hukumu moja kwa moja, kwa kuwa uamuzi halali wa juri haukuwahi kuwepo. Kinyume chake, Neder (1999) iliruhusu kupima madhara hata pale kipengele kizima cha kosa kilipoachwa.

Kwa maneno ya majumuisho, kizingiti kiko juu zaidi: lazima yawe yameichafua kesi kiasi cha kuiondolea haki. Katika Darden dhidi ya Wainwright (1986), mwendesha mashtaka wa Florida alimwita mshtakiwa mnyama ambaye hastahili kutoka selo bila kufungwa kamba. Majaji walilaani maneno hayo, lakini kwa kura 5 dhidi ya 4 wakaiacha hukumu isimame. Darden aliuawa na serikali kwa kiti cha umeme Machi 1988.

Hatua na matokeo

Katika mahakama za shirikisho, mtu aliyehukumiwa ana siku 14 kuwasilisha notisi ya rufaa. Kumbukumbu za kesi huandaliwa neno kwa neno, pande zote huleta hoja za maandishi, na kwa kawaida jopo la majaji watatu huamua. Hawasikilizi mashahidi upya. Akishindwa, mrufani anaweza kuiomba Mahakama ya Juu, ambayo hupokea maombi machache tu.

Akishinda, kwa kawaida haachiwi huru. Kesi huanza upya mbele ya juri nyingine. Ni pale tu ushahidi unapoonekana hautoshi ndipo serikali inapozuiwa kumshtaki tena, kwa msimamo wa Burks (1978). Hapo ndipo kisa cha Curtis Flowers wa Mississippi kinapouma. Alishtakiwa mara sita na mwendesha mashtaka yule yule kwa mauaji ya watu wanne ya mwaka 1996. Hukumu mbili za kwanza zilitenguliwa kwa mwenendo mbaya wa mwendesha mashtaka, na ya tatu kwa ubaguzi katika kuchagua wanajuri. Juri ya nne na ya tano zilikwama. Hukumu ya kesi ya sita ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2019, ikatenguliwa kwa kura 7 dhidi ya 2: katika kesi zote sita, serikali ilikuwa imewaondoa Weusi 41 kati ya 42 ambao ingeweza kuwaondoa. Mashtaka yalifutwa Septemba 2020, baada ya Flowers kukaa kizuizini zaidi ya miaka 20.

Afrika Mashariki

Chini ya ukoloni nchini Kenya, juri ilikuwa ya washtakiwa Wazungu; Waafrika walihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga. Kenya iliwaondoa kwa sheria ya mwaka 2007. Hata hivyo, hoja ya maelekezo iliota mizizi huku. Katika Washington Odindo (1954), Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema maoni ya wazee yana thamani iwapo tu wameelewa ukweli wa kesi na sheria inayouhusu. Kwa msingi huo, Mahakama ya Rufani ya Tanzania imebatilisha kesi za mauaji ambamo jaji hakuwafafanulia wazee mambo ya msingi ya sheria. Naye aliyeshinda rufaa analindwa na Fatehali Manji (1966): kesi haisikilizwi upya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Ukosoaji

Lawama kuu ni kwamba kipimo cha madhara huacha makosa yalaaniwe kwa maneno na yasamehewe kwa vitendo. Waendesha mashtaka wana kinga dhidi ya kudaiwa fidia binafsi tangu hukumu ya Imbler (1976), na mwaka 2011 Mahakama ya Juu ilifuta fidia ya dola milioni 14 iliyotolewa kwa John Thompson wa New Orleans, aliyefungwa miaka 18 huku ripoti ya maabara iliyomsaidia ikiwa imefichwa. Texas ilichukua njia nyingine: sheria ya mwaka 2013 yenye jina la Michael Morton, aliyefungwa karibu miaka 25 bila hatia, inawalazimu waendesha mashtaka kuufungulia utetezi majalada yao. Huko ndiko tiba inakopaswa kuanzia. Mahakama ya rufaa huja imechelewa, na haiwezi kuona kisichowekwa kwenye kumbukumbu. Haki ya mshtakiwa hulindwa kwanza na jaji anayepima kila neno kabla ya kulisoma, na mwendesha mashtaka anayekubali kushindwa kuliko kushinda isivyo halali.