Kisu cha Kukunja: Umbo la Kale na Istilahi Yake

Gitting, chini ya Mlima Hanang, ni miongoni mwa sehemu wanakoishi Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatoga, pamoja na majirani zao Wairaqw. Miongoni mwa Wadatoga uhunzi ni kazi ya ukoo maalumu, Gidang'odiga, ambao tangu zamani hawakuoana na koo nyingine. Wahunzi hao hutumia mivukuto ya ngozi, nao hufua vyuma vikuukuu viwe visu na ncha za mishale, na huyeyusha shaba ya makufuli mabovu wakapata bangili.

Kisu kinachotoka kwa mhunzi wa namna hiyo kina sehemu ambazo Kiswahili kimekwisha kuzipa majina. Bapa lina makali na ncha. Msuka ndio unaoingia katika mpini. Noleo ni pete ya chuma inayozuia mpini usipasuke pale bapa linapoingilia. Ala ni nyumba ya kisu. Msuka na noleo yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, lakini ni nadra kuyakuta katika tafsiri za siku hizi.

Kisu cha kukunja kimeleta mpango mwingine. Visu vya namna hiyo vilikuwako Ulaya tangu enzi za Warumi, lakini baadhi ya vinavyouzwa leo vilibuniwa katika karne ya 19 kwa kufuata maumbo ya kale. Kisu cha Laguiole, Ufaransa, kilichoanza katika miaka ya 1820, kilirithi umbo la kisu kisichokunjwa cha wachungaji wa huko na kukunjika kwa kisu cha Kihispania. Mwaka 1890 Joseph Opinel wa Savoie alitengeneza kisu cha wakulima chenye mpini wa mti uliochanwa ili bapa lilale ndani. Mwaka 1955 kikaongezwa pete inayozunguka shingoni mwa mpini na kulizuia bapa lisijikunje. Afrika nayo ilifanywa soko. Kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake, kikapewa jina la mnyama wa misitu ya Kongo aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka uliotangulia. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Je, vifaa hivi tuviiteje? Wako wasemao "kisu cha mfukoni". Istilahi hiyo inataja mahali kinapochukuliwa tu; kisu kidogo kisichokunjwa nacho huingia mfukoni. "Kisu cha kukunja" hutaja jinsi kinavyofanya kazi, kwa hiyo ndiyo istilahi inayofaa. Aidha, umbo la kale lisitudanganye tukahamisha jina la kale. Kisu cha kukunja kilichoigiza sime si sime. Karani akiandika "sime" katika hati ya mashtaka, hakimu atafahamu silaha ndefu yenye makali pande mbili, ichukuliwayo alani. Mtu aweza kuhukumiwa kwa neno ambalo halikuwa mkononi mwake.

Kwa upande wa sehemu zake, hapana haja ya kukopa upya. Kisu hiki hakina msuka. Bapa limeshikwa kwa ribiti na huzunguka juu yake. Chuma kinacholisukuma bapa ni kamani, neno tulilozoea kwa saa. Kizuizi cha bapa ni komeo. Pete ya Opinel ni noleo linalozunguka. Na ule mwanya wa mpini unaolilaza bapa hauna budi kuitwa ala. Huenda msomaji akapinga kwamba ala ni kitu cha pembeni. Lakini maana ya ala ni kulifunika bapa, na katika kisu hiki kazi hiyo imehamia ndani ya mpini. Neno limfuate mwenzi wake.

Mfano huu una funzo kwa wafasiri na walimu. Kabla ya kuunda istilahi ya kifaa kigeni, inafaa kwanza kuuliza karakanani. Majina ya Kidatoga ya sehemu za kisu, pamoja na yale ya lugha nyingine za nchi yetu, yakusanywe wakati wahunzi wangali wanafua, kwani mhunzi akizima moto wake, maneno ya kazi yake hayakawii kumfuata.