Epikhoregeo: Kutoka Kwaya za Athene Hadi Barua za Mitume

Miongoni mwa vitenzi vya Agano Jipya vinavyohusu kuwasaidia wengine, kimoja kina historia isiyo ya kawaida. Ni epikhoregeo, pamoja na ndugu yake khoregeo: kumkimu mtu, kumpa kwa ukarimu mahitaji yake yote. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukipita bila kukitambua, kwa kuwa watafsiri wamekigawa katika vitenzi kadhaa: mahali pengine ni kupa, pengine kutia, pengine kujaliwa. Asili yake haiko hekaluni wala katika sinagogi. Iko katika nyimbo na michezo ya kuigiza ya Athene, karne ya 5 kabla ya Kristo.

Athene ya enzi hiyo iliwabebesha matajiri gharama za sherehe zake. Kwa ajili ya sikukuu ya mungu Dionysus, mtawala wa mji aliteua raia wenye mali, kila mmoja akabidhiwe kwaya moja. Raia huyo aliitwa khoregos. Yeye ndiye aliyewakusanya waimbaji, akawapatia mahali pa mazoezi, akawalipia mwalimu, chakula na mavazi. Pericles, akiwa bado kijana, aligharimia kwaya ya Waajemi, tanzia ya Aeschylus iliyoigizwa mwaka 472 KK.

Mzigo haukuwa mdogo. Katika hotuba ya mahakamani iliyoandikwa na Lysias, mshtakiwa anahesabu mbele ya waamuzi fedha alizoutolea mji, zikiwamo drakma 3,000 kwa kwaya moja ya tanzia. Hiyo ilikuwa karibu mwaka 410 KK, wakati fundi stadi alipolipwa takriban drakma moja kwa siku. Aliyeona ameteuliwa isivyo haki aliruhusiwa kumtaja mwenzake aliye tajiri zaidi, naye mwenzake akachagua: aubebe mzigo huo au wabadilishane mali.

Malipo ya mzigo huo yalikuwa sifa. Katika mashindano ya kwaya kubwa za makabila ya mji, mfadhili wa kwaya iliyoshinda alipata chungu cha shaba chenye miguu mitatu, naye akakijengea mnara hadharani. Mnara wa Lysicrates, aliyeshinda mwaka 334 KK, ungali umesimama Athene. Maandishi yake yanamtaja Lysicrates, kabila lake, mpiga filimbi, mwalimu wa kwaya na mtawala wa mwaka ule. Wavulana walioimba hawakutajwa hata mmoja.

Kabla ya karne ya 4 KK kwisha, Demetrius wa Phalerum aliufuta utaratibu huo. Kitenzi hakikufa nao. Kiliiacha kwaya nyuma, kikabaki na maana pana ya kukimu. Katika Agano la Kale la Kigiriki, maofisa 12 wa Mfalme Sulemani huikimu nyumba ya mfalme kwa kitenzi hikihiki, kila mmoja mwezi mmoja kwa mwaka. Nchini Misri kiliingia hata katika mambo ya ndoa. Mfumaji mmoja wa mji wa Oxyrhynchus, Tryphon, aliandika malalamiko kati ya mwaka 30 na 35 BK kwamba mkewe Demetrous amemtoroka, ilhali yeye alimkimu kupita uwezo wake. Kitenzi alichotumia ni epikhoregeo. Neno la matajiri lilikuwa limefika katika kauli ya mfumaji.

Hivyo ndivyo Paulo alivyolikuta. Katika miaka ya 50 BK aliwaandikia Wakorintho kuhusu mchango wa maskini wa kanisa la Yerusalemu. Korintho nao ulizoea ufadhili wa kujitangaza. Jiwe lililochimbuliwa huko mwaka 1929, karibu na ukumbi wa maigizo, linatangaza kwamba mtu aitwaye Erastus alitandaza sakafu ya mawe kwa fedha zake mwenyewe, kama shukrani ya cheo alichopewa. Kwa watu wa mji wa namna hiyo, katika 2 Wakorintho 9:10, Paulo anatumia vitenzi vyote viwili katika sentensi moja, na kote mtendaji ni Mungu. Ndiye anayemkimu mpanzi kwa mbegu, ndiye atakayewakimu Wakorintho wapate cha kutoa. Kwa maneno mengine, khoregos ni mmoja tu, na mtoaji wa Korintho naye anakula kwenye mkono huohuo.

Hapo ndipo maana ya kusaidia ilipogeuka. Sura moja kabla ya hapo, mfano wa kuigwa si tajiri yeyote, bali makanisa ya Makedonia, yaliyotoa kwa moyo yakiwa katika umaskini mkubwa. Katika Wakolosai 2:19 kitenzi hichohicho kinaeleza jinsi mwili wote unavyolishwa kupitia viungo na mishipa, ambapo kila kiungo hupokea na kupitisha. Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1, unawataka waumini waikimu imani yao kwa wema na maarifa. Aya chache mbele, wao ndio wanaokirimiwa njia ya kuingia katika ufalme. Hadi leo Waorthodoksi, wakiwamo wa Kenya, Uganda na Tanzania, husali kwa Roho Mtakatifu katika sala ambayo asili yake ya Kigiriki humwita khoregos wa uzima.

Historia hii inatuhusu kila tunapochanga. Katika harambee nyingi za makanisa yetu, majina husomwa kwa sauti pamoja na viwango, na mwenye kikubwa huketishwa mbele. Huo ni utaratibu wa Athene, na mnyonge anayepokea hubaki akidaiwa heshima. Paulo alisimamia mchango uliovuka bahari kutoka miji kadhaa, lakini katika barua zake hakumtaja mchangaji hata mmoja kwa jina, wala kiasi alichotoa. Mtu anayejua kwamba naye amekimiwa hana deni la kumdai anayemsaidia.